Mwanga Uingie, Sauti Itoke: Durban na Historia ya Kuona Ndani ya Mwili

Katika miaka ya 1950 na 1960, mgonjwa aliyefikishwa Hospitali ya King Edward VIII mjini Durban akiwa na homa, jasho jingi na maumivu makali chini ya mbavu za kulia, alikuwa na kila dalili ya jipu la ini. Daktari alikuwa na njia chache za kulitafuta. Alibonyeza kwa ncha ya kidole kati ya ubavu na ubavu mpaka mgonjwa aruke kwa maumivu. Aliangalia eksirei ya kifua aone kama kiwambo, yaani ule msuli unaotenga kifua na tumbo, kimesukumwa juu upande wa kulia. Halafu alichukua sindano ndefu, akaipitisha kati ya mbavu, akavuta. Akilipata jipu, bomba lilijaa usaha mzito wa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Akilikosa, alichoma pengine.

Kutoka kwenye ngozi hadi kwenye ini ni sentimita chache tu. Historia hii ni ya sentimita hizo chache: jinsi watu walivyojifunza kuzivuka kwa sauti, kisha kwa mwanga, na sasa kwa vyote viwili kwa pamoja. Naisimulia kutokea Durban kwa sababu mji huo una sehemu yake katika historia hii. Vilevile, swali gumu kuliko yote la teknolojia hii mpya, swali la rangi ya ngozi, linawagusa watu wa Durban kama linavyotugusa sisi wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam.

King Edward VIII ilifunguliwa mwaka 1936 kwa ajili ya Waafrika na Wahindi, watu ambao sheria za nchi ziliwatenga na hospitali za Wazungu. Ilijaa tangu mwanzo. Mwaka 1951, jirani yake kwenye barabara ya Umbilo, Chuo Kikuu cha Natal kilifungua shule ya udaktari kwa wanafunzi wasio Wazungu; leo inaitwa Shule ya Tiba ya Nelson R. Mandela. Mwanaharakati Steve Biko alijiunga nayo mwaka 1966.

Mwaka huohuo wa 1966, kazi ya madaktari wa Durban ilisomwa dunia nzima. Mji ule ulikuwa na ameba kali kupita kawaida. Mdudu huyo, Entamoeba histolytica, huishi utumbini na kuleta kuhara damu, na kwa wengine hupenya hadi kwenye ini na kulila. Kitengo cha utafiti wa ameba kilichoongozwa na Ronald Elsdon-Dew kilikuwa kimefanya kazi juu yake kwa miaka mingi. Ndipo Powell, MacLeod, Wilmot na Elsdon-Dew walipochapisha katika jarida la Lancet kwamba metronidazoli hutibu kuhara kwa ameba na jipu la ini vilevile. Dawa hiyo ndiyo Flajili, ambayo karibu kila duka la dawa kuanzia Lamu hadi Bukavu huiuza. Wagonjwa waliowezesha ugunduzi huo walikuwa watu weusi wa Durban waliolazwa katika hospitali iliyofurika.

Dawa ilipatikana basi. Kuona kulikuwa bado.

Ili kuelewa kuona kulitoka wapi, turudi mwaka 1880, mwaka wa ajabu katika fizikia. Ndugu wawili wa Paris, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele fulani, kwa mfano za kwatzi, zikibanwa hutoa umeme. Haukupita muda ikajulikana kwamba na kinyume chake ni kweli: fuwele ikipewa umeme hujikunja na kutetema. Kifaa cha ultrasaundi kinachopitishwa leo kwenye tumbo la mama mjamzito kimesimama juu ya ugunduzi huo. Kitu kilekile hupiga sauti, kisha hunyamaza na kuisikiliza ikirudi.

Na mwaka huohuo, ng'ambo ya Atlantiki, Alexander Graham Bell na msaidizi wake Charles Sumner Tainter walikuwa wakijaribu kupeleka maneno kwa miale ya jua badala ya waya. Katika majaribio hayo walikutana na jambo ambalo hawakulitarajia. Miale ya jua ikikatwakatwa haraka na gurudumu lenye matundu, kisha ikaangukia kipande chembamba cha kitu kama mpira mgumu, kipande hicho hutoa sauti. Ukiweka sikio unasikia mlio, na mlio hupanda kadiri gurudumu linavyozunguka kwa kasi. Walijaribu vitu vya kila aina. Kilichopiga kelele kuliko vyote kilikuwa masizi ya taa. Bell aligundua pia kwamba hata miale isiyoonekana, ile iliyo nje ya wekundu wa upinde wa mvua, huweza kuamsha sauti.

Sababu yake si ngumu. Kitu kinachomeza mwanga hupata joto. Kikipata joto hutanuka. Kikitanuka na kusinyaa haraka husukuma hewa, na hewa inayosukumwa hivyo ni sauti. Masizi ni meusi, humeza karibu mwanga wote, kwa hiyo hulia kwa nguvu zaidi. Naomba msomaji ayaweke akilini masizi hayo, kwa maana ndani yake kuna uwezo wote wa teknolojia ninayoielezea na matatizo yake pia.

Sauti ilitangulia kufika hospitalini, nayo ilipitia vitani. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Paul Langevin alitumia fuwele za kwatzi kupiga sauti chini ya maji ili kutafuta nyambizi kwa mwangwi. Vita vya Pili vikaleta rada, inayofanya kazi hiyohiyo ya kupiga na kusubiri marejeo, ila kwa mawimbi ya redio. Hapa pwani yetu inaingia katika simulizi. Basil Schonland, mwanafizikia wa Afrika Kusini aliyekuwa bingwa wa radi, aliunda rada na wenzake mjini Johannesburg kwa vifaa walivyoweza kuokoteza nchini humo, na mnamo Desemba 1939 wakapata mwangwi wao wa kwanza. Mwaka uliofuata mtambo ulioboreshwa ulipelekwa Avoca, kaskazini mwa Durban, ukajaribiwa kwa kuzifuatilia meli zilizopita Bahari ya Hindi. Kutoka hapo mtambo wa aina hiyo ulisafirishwa hadi Mambrui, juu kidogo ya Malindi, kulinda anga dhidi ya ndege za Waitalia. Wavuvi wa Mambrui waliishi jirani na mojawapo ya rada za mwanzo kabisa barani Afrika, katika kijiji kinachofahamika zaidi kwa msikiti na makaburi yake ya kale.

Kutoka rada hadi tumbo la mgonjwa hapakuwa mbali. Aliyeuvuka umbali huo ni Ian Donald, Mwingereza aliyepata sehemu ya elimu yake Cape Town, ambako familia yake ilihamia alipokuwa kijana. Alirudi Uingereza kusomea udaktari, akatumikia jeshi la anga wakati wa vita na huko akaijua rada kwa karibu. Alipokuwa profesa wa magonjwa ya wanawake Glasgow, alisikia kwamba kiwanda cha mabwela cha Babcock & Wilcox huko Renfrew kinatumia ultrasaundi kutafuta nyufa ndani ya chuma. Tarehe 21 Julai 1955 aliondoka hospitalini na uvimbe mbalimbali uliokatwa kwa wagonjwa, umejazwa kwenye buti za magari mawili, akaenda nao kiwandani. Mafundi walikuwa wameandaa kipande kikubwa cha nyama ya ng'ombe cha kulinganishia. Kifaa kikabandikwa juu ya uvimbe mmoja baada ya mwingine, na kila aina ilirudisha mwangwi wake: uvimbe wa maji ulionyesha ukuta wa mbele na ukuta wa nyuma, katikati kimya, uvimbe wa nyama ulijaa miangwi.

Miaka michache baadaye waliletewa mwanamke aliyekuwa akidhoofika, tumbo limemjaa, na madaktari wameshaamua ana saratani ya tumbo isiyopasulika. Kifaa cha Donald na fundi kijana Tom Brown kilionyesha kuta mbili na kimya katikati. Alipasuliwa, ikakutwa ni uvimbe mkubwa wa maji wa ovari, ukatolewa, akapona. Donald, Brown na John MacVicar walichapisha matokeo yao katika Lancet mwezi Juni 1958. Mtu anaweza kusema Afrika Kusini ilikuwa na bahati na watu waliotaka kuona ndani, kwa sababu Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg ambaye hesabu zake zilisaidia kuleta mashine ya CT, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Mimi sioni bahati tu. Naona nchi iliyokuwa na maabara nzuri kwa baadhi ya watu wake, na wagonjwa wengi mno kwa maabara hizo.

Mwaka 1985 Simjee, Patel, Gathiram na wenzao wa Durban walichapisha utafiti juu ya wagonjwa wa jipu la ini waliopigwa ultrasaundi tena na tena wakati wa matibabu. Kile ambacho daktari wa 1955 alikitafuta kwa kidole na sindano sasa kilikuwa kwenye kioo: duara jeusi ndani ya ini la kijivu, likipimika kwa sentimita. Walilifuatilia likipungua. Hapo likadhihirika jambo muhimu kwa matibabu: mgonjwa anaweza kuwa amepona kabisa, homa imekwisha na hamu ya chakula imerudi, huku tundu likibaki kwenye picha kwa miezi. Daktari asiyejua hilo angeliona tundu na kuendelea kuchoma sindano bure.

Miaka ishirini na zaidi baadaye, Ukimwi na kifua kikuu vilipoielemea KwaZulu-Natal, mashine ileile ilipewa kazi nyingine. Katika hospitali ya Hlabisa, vijijini kaskazini mwa mkoa, daktari Tom Heller na wenzake walipanga namna fupi ya kutafuta kifua kikuu kilichotoka nje ya mapafu: maji kuzunguka moyo, maji kuzunguka mapafu, tezi za tumboni zilizovimba, vidoa vidogo vyeusi kwenye wengu. Waliichapisha tangu 2010 chini ya jina FASH, na imeenea katika nchi nyingi zenye Ukimwi mwingi. Daktari wa kawaida hufundishika kwa muda mfupi. Kwangu hiki ni kati ya vitu bora kabisa vilivyotoka mkoa ule, kwa sababu kilianzia kwenye haja ya mgonjwa wa kijijini, si kwenye katalogi ya mashine.

Lakini ultrasaundi ina upofu wake. Inaonyesha umbo: ukuta, tundu, maji, mfupa. Haioni rangi. Uvimbe mwekundu uliojaa damu na uvimbe uliokauka vinaweza kufanana kwenye kioo. Damu yenye oksijeni na damu iliyoishiwa oksijeni hurudisha mwangwi uleule. Na katika saratani, katika kidonda cha mguu wa mwenye kisukari, katika ubongo wa mtoto aliyezaliwa amechoka, oksijeni ndiyo habari yenyewe.

Rangi huonwa kwa mwanga tu. Zima taa usiku, weka kidole juu ya tochi ya simu. Kidole chote kinawaka wekundu. Damu yako imemeza kijani na bluu, ikauachia wekundu upite. Ukisogea nje kidogo ya wekundu, kwenye mwanga ambao jicho halioni, damu humeza pungufu zaidi na maji bado hayajaanza kumeza sana. Hapo, tuseme kati ya nanomita 650 na 950, mwili una dirisha.

Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ndiye aliyelifungua dirisha hilo kwa vipimo. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia nyumbani, mezani, akiwa na mwanawe na mfupa wa bega la ng'ombe uliotoka kwenye nyama waliyokula. Aliuinua kwenye mwanga, akaona wekundu ukipenya na kivuli cha kidole chake nyuma yake. Kama mwanga unapita mfupa huu, kwa nini usipite fuvu? Mwaka 1977 alichapisha katika jarida la Science jinsi ya kupima oksijeni ya ubongo kwa mwanga wa infraredi iliyo karibu na wekundu, bila kukata ngozi. Miaka michache kabla yake, Mjapani Takuo Aoyagi alikuwa ameshapata wazo la kusoma oksijeni kwa mapigo ya damu, wazo lililozaa kifaa kinachobana kidole. Sote tulikijua kifaa hicho wakati wa Uviko.

Tatizo la mwanga ni kwamba hauendi sawa. Ukishaingia mwilini, baada ya milimita moja hivi umeshapoteza uelekeo. Unagongana na chembe na nyuzi na kusambaa kila upande, kama taa za gari kwenye ukungu wa Limuru. Unaendelea kupenya hata sentimita kadhaa, lakini ukitoka haukumbuki ulikopita. Unajua mwanga umekutana na damu, hujui wapi.

Sauti haina ugonjwa huo. Ndani ya nyama laini sauti husambaa kidogo mno ukilinganisha na mwanga, pengine mara mia hadi elfu pungufu. Kwa hiyo likaja wazo ambalo Bell alikuwa amelishika mkononi bila kulijua: acha mwanga uingie na usambae upendavyo, kisha sikiliza sauti.

Hivi ndivyo inavyofanyika. Leza hupiga mwanga kwa muda wa sehemu za bilioni za sekunde. Mwanga unasambaa ndani ya titi au mkono. Pale ulipo mshipa wa damu, himoglobini huumeza. Joto linapanda kwa sehemu ya elfu ya nyuzi moja, kiasi ambacho mgonjwa hawezi kukisikia. Mshipa hutanuka ghafla na kutoa sauti ya juu kupita uwezo wa sikio. Juu ya ngozi, kwenye jeli ileile ya kila siku, fuwele za ultrasaundi zinaisikiliza. Kompyuta hupiga hesabu: sauti hii imechukua muda gani kufika kwenye fuwele hii, na kwenye ile? Hapo mahali panajulikana. Kisha leza hubadilishwa rangi. Karibu na nanomita 750, damu isiyo na oksijeni humeza zaidi. Kupita 800, damu yenye oksijeni ndiyo inayomeza zaidi. Ukilinganisha ukubwa wa sauti hizo mbili unapata oksijeni ya mshipa ule, mahali pale, sentimita mbili au tatu ndani. Wataalamu wanaiita fotoakustiki.

Kazi ilichukua miaka mingi. Robert Kruger na Alexander Oraevsky, Marekani, waliianza kwa mwili wa binadamu katika miaka ya 1990. Mwaka 2003 kundi la Lihong Wang lilionyesha picha za ubongo wa panya aliye hai, fuvu na ngozi vikiwa mahali pake, na mishipa ikionekana hata ilivyobadilika panya alipoguswa masharubu. Mjini Erlangen, Ujerumani, madaktari walichapisha mwaka 2017 jinsi walivyopima uvimbe wa utumbo wa watu wenye ugonjwa wa Crohn kupitia ukuta wa tumbo. Januari 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mashine ya kampuni ya Seno, inayounganisha leza na ultrasaundi kuchunguza uvimbe wa titi. Utafiti mkuu uliotangulia ulihusisha wanawake 2,105.

Ipo na njia ya pili, ngumu zaidi. Badala ya mwanga kuamsha sauti, sauti hutumwa ndani kuutia mwanga alama: pale ultrasaundi inapopita, mwanga unaopita hapohapo hubadilika rangi kidogo sana, na kifaa cha nje kinauchuja ule wenye alama peke yake. Wang alifanya majaribio yake ya mwanzo mwaka 1995. Mary Lou Jepsen aliichukua njia hiyo alipoanzisha kampuni ya Openwater mwaka 2016. Wasomaji wa Rwanda wanaijua kazi yake bila kulijua jina: alikuwa mmoja wa waanzilishi wa mradi wa kompyuta moja kwa kila mtoto, na kioo cha kompyuta zile kilichosomeka juani kilikuwa chake. Yeye mwenyewe alipasuliwa uvimbe wa ubongo mwaka 1995. Anazungumzia mashine ya bei nafuu itakayoona ndani ya kichwa, na mtu aliyewahi kulala chini ya kisu cha namna hiyo ana haki ya kuitafuta.

Sasa turudi kwenye masizi ya Bell.

Kabla mwanga haujafika kwenye damu, unapita ngozi. Ngozi yetu ina melanini, na melanini humeza mwanga. Kwa sheria ileile ya 1880, kinachomeza hulia. Ngozi nyeusi ikipigwa leza hutoa sauti kubwa pale juu, sauti hiyo inashuka, inagonga mifupa na nyuzi, inarudi kama mwangwi na kuichafua picha. Na mwanga uliobaki wa kwenda chini umepungua. Hesabu ya oksijeni nayo inapotoka.

Si hofu ya kubuni. Kifaa cha kidoleni kilishatupa onyo. Desemba 2020 Michael Sjoding na wenzake walichapisha katika New England Journal of Medicine takwimu za wagonjwa wa Marekani ambao kifaa kiliwasomea oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, kiwango cha kumwambia mtu atulie. Damu yao ilipopimwa maabara, asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi walikuwa na upungufu wa hatari uliofichika. Kwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Kifaa kilikuwa kimetumika duniani kwa miongo kadhaa. Hata kipimo ambacho watafiti wengi hukitumia kuelezea rangi ya ngozi, cha Thomas Fitzpatrick wa Harvard cha mwaka 1975, kilianza na aina za ngozi nyeupe tu. Za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye.

Durban inajua zaidi ya miji mingi maana ya ngozi kupimwa na wengine. Kati ya 1873 na 1880, manowari za Waingereza zilizokamata majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi zilipeleka huko mamia ya watu waliokombolewa, wengi wao Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, wakipitia Zanzibar. Durban iliwaita Wazanzibari, na wazao wao wanaitwa hivyo hadi leo. Wengi walikuwa Waislamu, wakaishi King's Rest, kwenye kilima cha Bluff. Serikali ya ubaguzi haikujua iwaweke fungu gani: kwanza iliwaandika Wabantu, kisha mwaka 1961 ikawahamishia fungu la Waasia wengineo, na ikawaondoa Bluff kuwapeleka Chatsworth, mtaa wa Wahindi. Chatsworth ndiko iliko Hospitali ya R. K. Khan. Katika ukumbi mmoja wa kusubiri wa hospitali kama hiyo wapo weusi wa Kizulu, weusi wa Kimakua, kahawia ya Kitamil na ya Kigujarati, wazee ambao ngozi zao zimepauka na watoto ambao za kwao bado zinang'aa. Ukitaka kujua kama mashine ya mwanga inasema kweli, huhitaji kwenda mbali zaidi ya hapo.

Fizikia haijakwama. Muyinatu Bell, profesa wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins asiye na undugu na Bell wa masizi, alichapisha na wenzake mwaka 2023 kazi juu ya watu wa kujitolea wenye ngozi za rangi mbalimbali, wakipiga picha za mshipa wa mkono. Walithibitisha kwamba kadiri ngozi inavyokuwa nyeusi ndivyo picha ya kawaida inavyochafuka, wakaonyesha njia nyingine ya kuchambua sauti, ambayo Bell mwenyewe alishiriki kuibuni kwa ajili ya ultrasaundi, inayosafisha sehemu kubwa ya uchafu huo. Mwanga wa mawimbi marefu zaidi nao unasaidia, kwa sababu melanini humeza kidogo kadiri unavyosogea mbali na wekundu. Tatizo lina dawa. Linamhitaji mtu aliyeliona mapema, kabla mashine haijafungwa kwenye sanduku na kupakiwa melini.

Wala sidai kwamba fotoakustiki itaifukuza ultrasaundi. Ini la mtu mzima, chini ya mbavu na mafuta, ni kina ambacho leza inakifikia kwa shida, na jipu la ameba litaendelea kuonekana vizuri kwa ultrasaundi ya kawaida iliyo nafuu mara nyingi. Ninapoiona nafasi yake Durban ni kwenye titi, na kwenye mguu. Mapema katika miaka ya 1960, G. D. Campbell, aliyeendesha kliniki ya kisukari King Edward VIII, alikuwa akieleza jinsi ugonjwa huo ulivyokuwa ukiongezeka kwa Wahindi wa Natal na kwa Wazulu waliohamia mjini. Kitabu alichoandika na T. L. Cleave kuhusu sukari kilitoka mwaka 1966. Mashamba ya miwa bado yameuzunguka mji. Kidonda cha mguu wa mwenye kisukari hupona au hukatwa kutegemea kama damu yenye oksijeni inafika kwenye nyama ile, na mishipa inayohusika iko sentimita moja au mbili chini ya ngozi. Mashine inayoona hasa hilo ingemwambia daktari wa upasuaji akate wapi, au asikate.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaosaini: wakuu wa hospitali, wizara za afya, kamati za maadili za vyuo vikuu, kuanzia Durban hadi Muhimbili, Mulago na Kenyatta. Mwakilishi wa kampuni akija na mashine yenye leza na ultrasaundi, mwulizeni kabla ya bei: imejaribiwa kwa watu wangapi wenye ngozi kama yangu, kwa mawimbi gani ya mwanga, na ilikosea kwa kiasi gani? Akiwa hana jibu, mpeni nafasi ya kulitafuta hapa, kwa wagonjwa wetu waliokubali kwa hiari, watafiti wetu wakiwa waandishi wa kazi hiyo na takwimu zikibaki mikononi mwetu. Akikataa, msinunue.